Yowe la Wimbo wa Saba

Studio,
Tarehe 4 Machi

Kwako Shemeji,

Naanza kwa kuomba radhi. Mwaka mzima umepita tangu tumzike Mkwaruzo, na mimi sijakuandikia hata mstari mmoja. Nilijua umehamia kwa dada yako, nilijua umefungua duka la kushona, na anwani yako nilikuwa nayo mfukoni. Lakini kila nikishika kalamu naona haya. Leo kazi imenilazimisha, na nashukuru imenilazimisha.

Kampuni inataka kutoa albamu ya nyimbo bora za marehemu. Nyimbo kumi na mbili, jalada zito, na ile picha yake akiwa amepiga goti jukwaani, gita limevunjika mkononi. Kwa kuwa ni mimi niliyerekodi kila alichoimba kwa miaka tisa, kazi ya kuchagua na kusafisha wamenipa mimi. Na kwa kuwa wewe ndiye mrithi, bila sahihi yako hawawezi kuchapa hata kifuniko.

Chumba kiko vilevile. Mikanda imejaa hadi kwenye kiti cha mpiga ngoma. Ile amri ya mumeo unaikumbuka: mkanda uwashwe mtu wa kwanza akifungua mlango, uzimwe wa mwisho akitoka, hata mimi nisipokuwepo. Siku moja aliimba vizuri nikiwa sijawasha, akanirushia chupa. Basi leo nina mamia ya saa za watu kukohoa na kubishana. Na mimi unanijua, situpi kitu. Kipande nikikikata nakitundika kwenye msumari ukutani na kikaratasi chake. Hapa nyuma yangu yupo mpiga besi akikoroma, yupo mpiga ngoma akiomba msamaha kwa mkewe kwenye simu. Hata chafya yako ya miaka sita iliyopita ninayo, inaning'inia karibu na dirisha.

Wimbo wa saba nimeuweka "Vunja Kioo", ule wenye lile yowe. Watoto wanalipiga wakicheza, walevi wanalipiga wakitolewa baa. Nimeuweka katikati ili nyimbo nyingine ziuzunguke.

Naomba utie sahihi fomu hii, na uniandikie sentensi mbili tatu za jaladani: Mkwaruzo alikuwaje nyumbani. Mashabiki wanapenda mambo hayo.

Shemeji yako,
Fundi Mitambo


Dukani,
Tarehe 11 Machi

Fundi,

Barua imefika. Mimi na dada tu wazima.

Fomu nimeitia sahihi. Utaona hati mbaya. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji tangu ile ajali ya mlango. Nimejifunza kushona kwa vile vitatu vilivyobaki, na wateja hawalalamiki.

Nimekubali nyimbo kumi na moja. Wa saba nimeupiga mstari. Msiuweke.

Kuhusu nyumbani, andika kwamba alipenda chai ya moto sana. Hilo ni kweli.

Mjane wa Mkwaruzo


Studio,
Tarehe 17 Machi

Shemeji mpendwa,

Hiyo ya chai nimecheka peke yangu hadi nikakohoa. Nimeiandika jaladani kama ulivyosema.

Neno lako la wimbo wa saba nililifikisha kwa mwenye kampuni. Aliniambia albamu ya Mkwaruzo bila "Vunja Kioo" ni harusi bila bibi harusi. Akauliza nani amekataa. Nikamwambia ni wewe, kwa sababu aliuliza, na sikuona ubaya. Akaandika kwenye daftari lake.

Nisikilize mimi kama ndugu. Kabla ya wimbo ule tulikuwa tunapiga kwenye kumbi za watu arobaini, na thelathini kati yao wamekuja kunywa. Yowe lile ndilo lililomfanya Mkwaruzo awe Mkwaruzo. Gazeti moja liliandika kwamba ni sauti ya mtu anayezaliwa mara ya pili. Najua kwako siku ile ilikuwa mbaya, uliumia mlangoni. Lakini marehemu hasemwi, na wimbo wenyewe una kosa gani?

Fikiria tena. Nimekuwekea fomu nyingine ndani ya bahasha.

Fundi


Dukani, au kilichobaki,
Tarehe 29 Machi

Fundi,

Kwanza habari za hapa. Jumamosi redio ilitangaza kwamba mjane wa Mkwaruzo anazuia wimbo. Walitaja mtaa, wakataja na duka. Jumapili saa nane mchana wakaja watu kama thelathini wamevaa fulana za sura yake. Walianza kwa kuimba tu, na dada akadhani wataimba waondoke. Walipofika kwenye yowe wakalipiga wote kwa pamoja, na aliyekuwa mbele akatupa jiwe. Kioo cha duka kilimwagika chote juu ya gauni la mteja. Wakaingia. Cherehani waliigonga ukutani hadi gurudumu likang'oka. Dada alikamata pasi ya moto akambandika nayo mmoja shavuni, ngozi ikabaki kwenye pasi. Wakampiga tumboni hadi akatapika. Mwingine alinishika nywele, akaniburuta juu ya vioo hadi kizingitini, akawa ananikandamiza uso sakafuni na kunipigia kelele: "Piga yowe! Piga kama mumeo!"

Sikupiga. Ningepiga, angejua.

Sasa tuzungumze wewe na mimi. Ulinitaja kwa sababu uliulizwa, na hukuona ubaya. Fundi, wewe hujawahi kuona ubaya maisha yako yote. Umeandika kwamba "uliumia mlangoni", kana kwamba mlango ndio ulionivamia. Mimi pia niliandika "ajali", najua. Nimeiita hivyo miaka sita, hospitali, kwa mama yangu, kwa mwenye nyumba, hadi mdomo umezoea.

Nilikuja kumwambia kwamba mama yake amelazwa. Taa nyekundu ilikuwa inawaka, niliiona, lakini mama ni mama. Nilisukuma ule mlango wa chuma, nikashika fremu kwa mkono wa kulia ili nichungulie. Alikuwa amesimama karibu na mlango, katikati ya ubeti. Akaniona. Alitabasamu, Fundi, na ndipo akaupiga mlango teke. Kisha akauegemea kwa mgongo na uzito wake wote, vidole vyangu vikiwa ndani, akaendelea kuimba. Niliusikia mfupa wa kwanza, halafu wa pili. Nilipiga yowe kwenye ule ufa, na maiki yake ilikuwa hatua moja kutoka mdomoni mwangu. Alimaliza ubeti mzima ndipo akaondoka mlangoni. Mistari minne. Wimbo unaujua, ihesabu mwenyewe.

Katika ule ufa nilikuona wewe nyuma ya kioo. Tulitazamana. Nikaona mkono wako unakwenda kwenye meza yako ya vitufe, nikasema moyoni, Mungu mkubwa, Fundi anazima.

Miezi mitatu baadaye, mkono bado uko kwenye plasta, nikausikia wimbo redioni. Yowe langu lilikuwa juu kuliko gita. Hapo ndipo nilipojua mkono wako ulikwenda kufanya nini.

Ulilipandisha.

Alikuwa akilikumbuka nyumbani, ananiambia nimpigie kidogo mbele ya wageni, wanacheka. Na chai aliipenda ya moto kweli. Ndiyo maana nina kovu shingoni.

Mshonaji


Studio,
Tarehe 6 Aprili

Shemeji,

Nilianza kuisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaimaliza nimekaa sakafuni. Pole wewe, pole dada, pole kwa kila kilichovunjwa. Ni mdomo wangu uliowaleta wale watu.

Ni kweli, nililipandisha. Sitasema nilikosea kitufe. Mtu wa kazi yangu, mkono wake husikia kabla ya kichwa. Sauti nzuri ikipita, mkono unaifuata. Yowe lilikuja, mkono ukapanda, na ndipo macho yakaniambia ninachokitazama. Nilikuwa na nafasi ya kuteremsha. Nilikuwa na miezi mitatu ya kuteremsha kabla wimbo haujatoka. Sikuteremsha kwa sababu lilikuwa zuri. Nimeliandika hilo na sasa naona aibu hata kuitazama karatasi.

Nimeshinda siku tano najaribu kuling'oa. Haling'oki. Limeingia kwenye maiki yake na kushikana na sauti yake kama sukari kwenye chai. Nikikata lako nakata na lake. Ninachoweza ni kutoa yote mawili, niache mistari minne ya ukimya. Sema neno, nitafanya.

Kuna jambo jingine. Kampuni inataka wimbo wa kumi na mbili uwe ule wa mwisho, aliokuwa anaurekodi siku umeme ulipomuua. Mkanda ule polisi hawakuuomba, na mimi sikuwahi kupata moyo wa kuusikiliza. Jana niliusikiliza. Polisi waliandika kwamba alikuwa peke yake chumbani. Wewe uliwaambia ulikuwa nyumbani unashona. Shemeji, kati ya ubeti na ubeti, mlango unafunguliwa taratibu. Kuna hatua za mtu. Halafu umeme unamkamata; sauti ile sitaiandika. Anapoanguka, na hata kabla hajaanguka, kuna mtu anapumua karibu na maiki. Anapumua muda mrefu. Mwishowe chuma kinaanguka sakafuni na kengele ndogo inalia, kama ile uliyoifunga kwenye mkasi wako usipotee chini ya vitambaa.

Hakuna aliyeusikia mkanda huu isipokuwa mimi. Fomu ya wimbo wa saba bado iko hapa mezani.

Fundi


Kwa dada,
Tarehe 12 Aprili

Fundi,

Kumbe ndiyo biashara yenyewe. Sahihi yangu kwa kengele yangu. Hukuandika hivyo, lakini sentensi zile mbili umeziweka ubavu kwa ubavu, na mimi ni mshonaji: vitambaa viwili vikilazwa pamoja najua vinakwenda kushonwa.

Usijisumbue kunitisha. Nakueleza mwenyewe.

Siku moja kabla, mezani, alisema wimbo mpya ni mzuri lakini haujashika. Akanywa chai yake. Akauchukua mkono wangu wa kushoto, huu mzima, akaufungua kidole kimoja kimoja juu ya meza. Akasema, "Kesho saa nne njoo studio. Wimbo unataka yowe." Akaubusu mkono, akaendelea kula.

Saa nne nilifika kama alivyoagiza. Mkasi nilikuwa nao, kengele nimeifumbata kiganjani isilie. Makola yake yote nilikuwa nikiyashona mimi, shingo ile niliijua kwa sentimita, na pale chini ya sikio nilikuwa nimepachagua tangu alfajiri. Alikuwa amenipa mgongo. Nilikuwa nimebakiza hatua mbili na mkono uko juu. Akainama kwenye maiki, mdomo ukagusa chuma, mkono wa kushoto uko kwenye nyuzi za gita, akakakamaa.

Alitikisika mwili mzima kama cherehani iliyokanyagwa pedali ikasahauliwa. Meno yaliuma maiki hadi nikayasikia yakipasuka. Damu ikatoka puani, nywele zikaanza kunuka. Macho yalizunguka yakanikuta. Aliniona, Fundi, aliniona na mkasi wangu. Na plagi ilikuwa miguuni pangu. Teke moja tu lingetosha. Yeye aliweza kupiga teke mlango. Mimi plagi sikuipiga. Sikuganda kwa hofu, usije ukanitafutia sababu. Sikutaka. Nilisimama nikahesabu pumzi zangu hadi alipoanguka mwenyewe, mkasi ukaniponyoka.

Basi wewe mkono wako ulipanda, na mguu wangu haukusogea.

Lakini na mimi nina swali. Niliinama kuokota mkasi, na macho yangu yamezoea kutafuta nyuzi zilizokatika. Pembeni mwa plagi ya amplifaya palikuwa na waya wa kijani umechomoza. Ulikuwa umekatwa, mkato safi wa koleo, siyo wa panya. Ripoti ya polisi niliisoma: walikuta plagi nzima, nyaya zote tatu mahali pake. Nani hukata nyaya katika chumba kile? Na wewe uliwaambia ulikuwa umetoka kununua mkanda. Rafuni palikuwa na mikanda minne mipya, haijafunguliwa.

Kuhusu yowe, usilikate. Ukilitoa, watu bado wana santuri za zamani, na humo litabaki kuwa lake. Mimi nitabaki na vidole. Liache lilivyo, na liwe juu vilevile ulivyolipandisha. Ila pale jaladani mnapoandika nani kapiga gita na nani kapiga ngoma, andika nani kapiga yowe. Uliandike jina alilonipa baba yangu. Sitaki "mke wa". Ukifanya hivyo, sahihi yangu hii hapa. Usipofanya, wapelekee polisi kengele, nami nitawapelekea waya.

Mshonaji


Studio,
Tarehe 20 Aprili

Shemeji, kama bado nina haki ya kukuita hivyo,

Sikukusudia kukutisha. Ile fomu niliitaja kwa kuwa nilitaka uniambie niichane au nisubiri. Lakini nimeyasoma tena maneno yangu kama vile nimeandikiwa mimi, na ningekuwa wewe ningeogopa pia. Nisamehe.

Waya niliukata mimi.

Ule wa kijani unaitwa ethi. Kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme uliopotea njia, usipite mwilini mwa mtu. Lakini wakati mwingine huleta mvumo kwenye spika, na kila fundi wa sauti niliyemjua, akishindwa kuutoa mvumo kwa akili, huutoa kwa koleo. Unakata ethi, kimya kinakuja papo hapo. Nimekata mara mia na hakuna aliyekufa.

Wiki ile mvumo ulitushinda. Meno yangu ya mbele, yale niliyokwambia msibani kwamba nilianguka bafuni, aliyang'oa yeye. Alichukua stendi ya maiki akanipiga nayo mdomoni kama anapasua kuni. Nikaanguka, akanikalia kifuani, akaokota jino sakafuni akaniwekea ulimini. Akasema, "Kesho nikiusikia huo mvumo, nitakulisha na yaliyobaki." Alipoondoka nikachukua koleo.

Asubuhi yake niliwasha amplifaya, nikaigusa ubavuni, ikanipiga shoti hadi kwenye kiwiko. Hapo nilijua kwamba ndani ni mbovu na kwamba ethi ndiyo iliyokuwa inatulinda siku zote. Nilikuwa na dakika ishirini kabla hajafika. Kuurudisha waya ni kazi ya dakika mbili. Nilikaa kwenye kiti changu nikawa napitisha ulimi kwenye pengo. Akaingia bila salamu, akasikiliza, akasema, "Kimya. Kumbe ukipigwa unajifunza." Nikachukua kofia, nikamwambia naenda kununua mkanda.

Niliporudi nilimkuta chini. Niliurudisha waya kwanza, ndipo nikaita watu.

Kwa hiyo usijibebeshe, Shemeji. Nilikuwa nimeshamuua kabla wewe hujafika mlangoni.

Jalada je? Nililipeleka na jina lako, mwenye kampuni akalichana. Nikamwambia mkanda mkuu ninao mimi na sitasema uko wapi. Akaja na mabaunsa wawili. Walinivunja mbavu tatu, kisha wakanishika kisogoni wakanipasulia paji la uso kwenye kioo, kile kile nilichokutazamia wewe. Kila wakiniuliza, nilikuwa nawaambia jina lako. Siku ya nne alikubali, kwa kuwa tarehe imeshatangazwa na hana kingine cha kuuza. Jalada limechapwa. Nimekuwekea moja humu ndani. Soma mstari wa wimbo wa saba.

Tarehe mbili Mei naenda polisi na mkanda wa mwisho na koleo langu. Mkanda nimeshausafisha. Mlango, hatua, pumzi, kengele, nimevitoa vyote, na ncha nimeziunganisha hadi mimi mwenyewe siusikii muungo. Uliwaambia ulikuwa nyumbani, na sasa mkanda unasema hivyo pia. Safari hii mkono wangu umeteremsha.

Fundi


Dukani,
Tarehe 26 Aprili

Fundi,

Jalada limefika. Jina langu nimelisoma kwa macho, halafu nikalipitisha kidole, kile kisichokunja. Dada amelibandika kwenye mbao tulizozibia dirisha. Jana mama mmoja aliyeleta sketi alilisoma akaniuliza, "Lile yowe ni wewe?" Nikamwambia ni mimi. Akaushika mkono wangu, akavitazama vidole vile viwili, akalia palepale na sketi yake begani. Tumekunywa chai naye, ya vuguvugu.

Pole kwa mbavu, na pole kwa meno, hilo sikulijua. Nimekusamehe mengi kwa barua moja, kuliko nilivyodhani nitaweza.

Ila hujajifunza. Mara ya kwanza ulichukua sauti yangu bila kuniuliza, ukaipandisha. Sasa umechukua pumzi zangu bila kuniuliza, ukazifuta. Mara zote mbili ulidhani unatengeneza kitu kizuri. Nimekasirika, Fundi, nimekasirika kuliko siku ya mawe.

Nilikuwepo. Nilisimama pale na mkasi juu. Pumzi zilizo kwenye kipande kile ni kumi na tisa, nilizihesabu, na zote ni zangu. Wala usiniambie ulimuua kabla sijafika. Wewe ulikuwa umeshatoka zako na kofia kichwani. Alipokuwa anakufa alikuwa ananitazama mimi.

Hutupi kitu, nakujua. Kipande changu kiko kwenye msumari na kikaratasi chake. Kishushe ukirudishe mahali pake. Muungo ukisikika, usikike tu.

Tarehe mbili napanda basi la kwanza la asubuhi. Nisubiri nje ya kituo cha polisi, usiingie peke yako. Mkasi nakuja nao, na kengele yake sitaifumbata, kwa hiyo utanisikia kabla hujaniona. Tutaingia pamoja, tutakaa mbele ya huyo afisa, na mkanda nitauwasha mimi.

Wewe mikono yako iweke mfukoni.

Mwenye yowe na pumzi zake